Tanga–Dar kwa ndege: usihesabu dakika kabla hujajua ndege inapita wapi

Watu wengi wakitaka kupanda ndege hapa Tanga kwenda Dar kwa mara ya kwanza wanaangalia kwenye simu, wanaona kilomita kama 200, wanagawanya kwa spidi ya ndege afu wanasema aah dakika 40 nishafika. Hesabu hiyo ni sawa kabisa kama ndege imenyoosha. Kwa basi ni kama 350 maana gari kwa kawaida linaenda mpaka Segera, linashuka Chalinze ndo linageukia Dar, wakati ndege inafuata pwani tu kwenda kusini.

Sasa hizi ndege zetu ndogo, hizi Caravan za injini moja zinazobeba watu kama 12, mara nyingi zinaenda kama daladala, zinashusha na kupakia. Inatoka Tanga inavuka Pemba, inatua Unguja, ndo inamalizia Dar. Tanga–Pemba kama kilomita 80, Pemba–Unguja kama 125, Unguja–Dar kama 70, jumla ni 275, na kila kituo kuna kushuka, kupakia mizigo, kusubiri ruhusa ya kuruka tena. Ile dakika 40 inakuwa saa moja na nusu au karibu mbili, na bado hujaripoti mapema wala hujatoka kwenye foleni za Dar. Ndo maana mi kabla ya kulipa nauliza kitu kimoja tu, inaenda moja kwa moja au inapitia visiwani?

Upepo je? Kwa safari fupi hivi haubadilishi sana. Caravan inaenda kama kilomita 300 kwa saa, kusi ikikuvumia usoni kilomita 30 kwa saa ukielekea Dar unaongeza dakika nne tano hivi, kaskazi ikikusukuma unaokoa kama hizo hizo. Muda wenu unaliwa chini jamani, sio angani.

Ila Pemba ndo habari nyingine. Kilomita 80 ni kama umepita Segera kidogo tu, lakini katikati kuna mkondo wenye kina kirefu, na kusi ikichafuka wenye ndugu kule wanajua boti inavyorushwa. Kwa ndege ni kama dakika 20. Unapimwa kwenye mzani wewe na begi lako (mzigo kawaida kilo 15, na begi liwe laini, sio sanduku gumu), abiria mmoja anaweza kuwekwa mbele pembeni ya rubani, mnaruka, mnaviacha visiwa vya Yambe na Karange, maji ya kijani juu ya miamba yanakatika ghafla yanakuwa bluu nzito, na kabla hujaizoea hiyo bluu unaona mikarafuu. Mtu mwenye mgonjwa au mwenye msiba Chake Chake kule Pemba akiniuliza, namwambia kama pesa ipo apande ndege bila kufikiria mara mbili.

Kwa Dar siwezi kusema hivyo kwa kila mtu. Kama unashukia Mbezi, kule kwenye stendi ya mabasi, na ndege ya siku hiyo inazunguka visiwani, nenda zako stendi ya Kange hapa Tanga ukapande basi la alfajiri. Kama inanyoosha na shughuli zako ziko huko huko karibu na uwanja, basi ndege.