Kamba hukatikia kwenye fundo

Jumamosi jioni, Ngamiani, Tanga.

Mteja akirudisha kamba, huja na vipande viwili na maneno makali. "Dada, umeniuzia kamba mbovu." Mimi sibishani. Navishika vile vipande, naangalia mahali ilipokatikia, na karibu kila mara ni palepale, pembeni kidogo ya fundo. Leo ilikuwa zamu ya kijana anayepakia machungwa ya Muheza. Kamba imemkatikia njiani, turubai limepeperuka, machungwa yamemwagika barabarani na watoto wakayafaidi. Hasira zake nazielewa, lakini kamba haikuwa na kosa.

Kamba iliyonyooka hubebwa na nyuzi zake zote kwa pamoja. Ukishaikunja kona kali, nyuzi za nje ya kona zinavutwa kupita kiasi, za ndani zimebanwa na hazisaidii chochote. Fundo ni kona juu ya kona. Fundo la kawaida linaweza kuipunguzia kamba theluthi ya nguvu yake, na yapo mabaya zaidi yanayoipokonya karibu nusu. Kwa hiyo kamba niliyokuuzia ya kubeba kilo 300, ukishaipiga fundo usiihesabie 300 tena. Ihesabie 150 ulale usingizi. Hili nalisema kila siku pale dukani na wengi hudhani nataka kuwauzia kamba nene zaidi. Basi ndiyo, nataka kuuza kamba nene zaidi, lakini pia ni kweli.

Kijana alipokuwa bado analalamika aliingia nahodha mmoja wa Deep Sea, kule kwenye soko la wavuvi, mzee wa heshima zake, amekuja kutafuta kamba ya nanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Huyu ana nini?"

Nikamweleza. Mzee akaokota kile kipande kirefu, akakigeuza, akaliona fundo lenyewe: donge kubwa kama ngumi, limepigwa juu ya lingine, juu ya lingine, hadi halifunguki. Akacheka kwa pua. "Fundo la kukatwa kwa kisu," akasema, "hilo ni fundo la watu wa bara." Kijana ni wa Korogwe, akanuna, lakini hakuondoka.

Mzee akamwonyesha tanzi la watu wa bahari. Nimeliona likipigwa tangu nikiwa mdogo, na bado napenda kulitazama kwenye mikono inayolijua. Mkono wa kushoto unatengeneza kijicho kidogo kwenye kamba yenyewe. Ncha inatokea chini ya kijicho, inapanda, inazunguka nyuma ya kamba kubwa, inarudi kushuka ndani ya kijicho kilekile. Vuta. Basi. Kitanzi kilichobaki hakikazi wala hakilegei hata ukifungia jahazi zima. Na likishamaliza kazi, unasukuma lile pindo la mgongoni kwa kidole gumba na fundo linakuachia bila ugomvi. Mzee alilifunga na kulifungua huku anazungumza habari za bei ya vibua, wala hakuangalia mikono yake hata mara moja.

Hapo ndipo nilipo na msimamo wangu, na nimeshagombana nao wengi. Sifa ya fundo ni mambo mawili, kushika na kuachia. Watu hupima la kwanza tu. Ndiyo maana kila siku nauza kamba kwa watu ambao kamba zao bado zingefaa, ila wamezikata vipandevipande kwa kushindwa kufungua walichokifunga wenyewe. Kibiashara ningenyamaza.

Kamba nazo hazifanani tabia. Ya manila, hii ya plastiki ya bluu na ya kijani, inateleza. Fundo moja haliitoshi, lazima uongeze pindo, na ncha unaiunguza kwa kiberiti isifumuke. Ya katani ina miba midogo ya nywele, inajishika yenyewe, lakini ikilowa inavimba na fundo linaganda kama limeshonwa. Tena ikikaa na maji muda mrefu huoza. Ukinunua katani ya kufungia mashua, mimi nitakukataza, ingawa ukoo wetu umelelewa na mkonge.

Babu yangu alikuja Tanga kwa manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, akakata mkonge hadi mgongo ukapinda. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni kama yeye. Dk. Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ingawa asili ya mmea ni Yucatán, kule Mexico. Vikapitia Hamburg, na vilivyofika hai vilikuwa 62. Vikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Kutokana na hivyo 62 ikaja mistari yote ile unayoiona ukiwa kwenye basi kuanzia Korogwe hadi mjini. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, na nyingi zilikwenda kuwa kamba za kufungia majani ya ng'ombe kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani. Kisha ikaja kamba ya plastiki, bei ikaporomoka, korona, ile mitambo ya kuchambua mkonge, zikazimwa moja baada ya nyingine. Siku hizi mkonge umeanza kuinuka tena, na mteja wangu mkubwa wa katani hafungi kitu chochote kwa hiyo katani: ni fundi jipsamu, anaichanganya na unga wake kwenye dari. Nahodha anaisifu katani kwa dakika kumi, halafu analipia manila.

Alipokuwa anasubiri chenji alinikumbusha habari za mitepe, vyombo vya zamani vya pwani yetu. Yeye hakuiwahi, alisimuliwa. Mtepe ulishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za kumbi la nazi, bila msumari. Ukigonga mwamba, mwili wa chombo ulinepa kidogo badala ya kupasuka, na ubao ulioharibika uliweza kufumuliwa na mwingine ukashonwa mahali pake. Habari hizi ni za kale sana. Mgiriki mmoja wa karne ya kwanza aliyeandika juu ya biashara ya pwani hii anataja bandari ya Rhapta, na anasema jina lilitokana na vyombo vya kushonwa. Ilikuwa wapi hasa, wataalamu wanaendelea kuvutana. Mimi nimependa tu kwamba pwani yetu ilijulikana ng'ambo kwa namna ilivyofunga vitu.

Mchana alipita shangazi. Hapendi simu ya pesa, anasema pesa isiyofungwa fundo huyeyuka. Akavuta pindo la kanga, akauma fundo kwa meno ya pembeni maana ya mbele hayapo, likalegea, zikatoka noti zilizokunjwa hadi zimekuwa kama vidonge. Akanilipia kamba ya kuanikia nguo. Nilimwambia achukue bure, akanitazama vibaya. Shangazi huyuhuyu ana fundo jingine, la moyoni, juu ya kiwanja cha marehemu babu, na hilo hajalilegezea meno tangu mimi nasoma shule ya msingi. Tuliache.

Mpwa wangu ndiye aliyemaliza siku kwa maswali. Anataka kuwa baharia, anajisomea kwa simu pale nyuma ya kaunta. "Shangazi, wanasema meli inakwenda noti kumi na tano. Inalipwa?" Nilicheka mpaka nikakaa. Lakini jibu lipo, na ni la mwenye duka la kamba hasa. Zamani mabaharia wa Uingereza walitupa baharini kipande cha ubao chenye uzito wa madini ya risasi upande mmoja ili kisimame wima majini, kikiwa kimefungwa kamba ndefu yenye mafundo. Ubao unabaki nyuma, meli inaendelea, kamba inafunguka kutoka kwenye gurudumu. Mmoja anashika chupa ya mchanga ya sekunde 28, mwingine anahesabu mafundo yanayompita mkononi. Mafundo yalipangwa kila futi 47 na inchi 3, kama mita 14.4. Yakipita matano, meli inakwenda mafundo matano, yaani maili tano za baharini kwa saa. Kamba haipo tena, neno lao la fundo, "knot", limebaki kwenye mitambo, na kwetu limeingia kama noti.

Dogo hakuniamini, akatoa kikokotoo. Maili ya baharini ni mita 1,852. Gawanya kwa sekunde 3,600, zidisha kwa 28. Ikatoka 14.4. Akaniangalia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwake.

Basi nimemtuma aandike kwa kalamu nene kwenye boksi, tulibandike mlangoni kabla kusi halijashika. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza upepo kwa kilomita kwa saa, manahodha wengine wanataka noti, na mabishano yote huishia dukani kwangu. Kilomita 40 kwa saa ni noti 21 na nusu hivi. Kilomita 30 ni noti 16. Chini ameongeza kwa akili yake mwenyewe, "Mashua ndogo zibaki nchi kavu." Nimeliacha.