Fidla Inalala Wapi

Jumanne iliyopita, watu wametoka tu kusali alasiri, alinijia mwanafunzi wangu wa miaka 10 kashika mkoba ulioshonwa kwa polo la unga wa ngano. Maandishi ya kiwandani bado yanaonekana upande mmoja. Pindo limeshonwa kwa mkono, mshono mdogomdogo wa mtu aliyezowea kushona kofia, na ndani umetiwa kipande cha kanga kuukuu ili mbao isichubuke. Ndani ya mkoba mna fidla. Zipu ya mkoba wake wa asili ilikufa zamani, na bibi yake kaona hawezi kuiacha ipite mitaani uchi.

Mkoba ule umenigusa mno. Miaka mitatu nyuma fidla zetu zote zilikuwa zinalala kabatini, na ufunguo nakaa nao mimi.

Nafundisha watoto hapa Ng'ambo, Unguja, katika chumba cha nyuma tunachoazimwa. Fidla tunazo 11, zote za msaada: nne za saizi ya nusu, tano za robotatu, mbili kamili. Tukikutana mara mbili kwa wiki, dakika 40 kila mara. Kuongeza siku haiwezekani, kwa sababu mtoto wa mtaani kwetu asubuhi yuko skuli, mchana yuko chuo cha Kurani, na kilichobaki ni kile kipande cha baina ya alasiri na magharibi. Hicho nacho kina wenyewe: maji ya kuteka, mdogo wake wa kubebwa, maandazi ya mama ya kutembezwa.

Sasa piga hesabu. Katika zile dakika 40, kukaza nyuzi za fidla 11 kunakula robo saa. Inabaki chini ya saa moja kwa wiki. Na fidla haina vipande vya chuma shingoni vya kumuonesha mtoto pa kuweka kidole, kama lilivyo gitaa. Kidole lazima kipajue mahali pake chenyewe, na kitapajua kwa kurudi kila siku. Mtoto mwenye chombo nyumbani hukishika dakika 20 kila jioni, mwisho wa mwaka watu wanasema ana kipaji. Wangu walikuwa wakinyamaza siku tano, kisha wanaanza upya. Nimeona watoto wenye masikio makali wakikata tamaa wakidhani wao ndio wazito, na mimi nilijua kosa liko kabatini.

Nilipotaja kuwapa waende nazo nyumbani, wenzangu walipinga. Zitauzwa, zitakanyagwa, zitaliwa na panya. Hofu hiyo hata mimi nilikuwa nayo. Nikaamua nipite nyumba kwa nyumba na suala moja tu: fidla italala wapi?

Suala hilo lina maana yake. Fidla imeunganishwa kwa gundi inayolegea kwa joto na unyevu, na masika ya hapa mnayajua. Ukiiweka chini ya kitanda, siku maji yakiingia ndani inafunguka mbavuni. Ukiitundika ukuta unaopigwa na jua, vilevile. Na uzi wa mi, ule mwembamba, hewa ya bahari inautia kutu mpaka unakatika wenyewe. Mtoto akimaliza kupiga lazima afute jasho la vidole kwa kitambaa kikavu, uzi mmoja baada ya mwengine.

Kwa binti huyu wa mkoba nilimkuta bibi yake barazani anasuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Nikaeleza shida yangu. Akasikiliza bila ya kuinua macho, kisha akauliza, "Mtoto wa kike na fidla, mwalimu, mwisho wake wapi?"

Nikaanza kumsimulia Siti binti Saad: alivyotoka Fumba, alivyokuwa akiuza vyungu, akajifunza muziki hapahapa mjini, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurikodi santuri. Akanikata.

"Siti namjua. Mama yangu alikuwa akiimba nyimbo zake akitwanga. Mimi nakuuliza huyu wangu."

Nikamwambia ukweli. "Huyu wako mwisho wake siujui, bibi. Najua sikio analo. Naomba mkono nao upate kazi kila siku."

Akasuka kimya kwa muda. Kisha akanyanyuka, akanichukua ndani, akanionesha msumari juu ya kichwa cha kitanda chake mwenyewe. Ukuta wa ndani, hauna jua, maji hayafiki. "Italala hapa. Mimi usiku usingizi sina, panya nitamsikia."

Wiki ya tatu walikuja wote wawili, mtoto analia, bibi kashika pesa zimefungwa kwenye ncha ya kanga. Binti alilegeza nyuzi zote nne kwa pamoja ili asafishe vizuri, na kile kijiti kinachosimama ndani ya fidla, ambacho hakikugundishwa na hushikwa na mkazo wa nyuzi tu, kikaanguka. Kosa lilikuwa langu, sikumwambia. Nikamrudishia bibi pesa zake, nikakisimamisha kwa spoki ya baiskeli niliyoikunja, kupitia tundu la kifuani. Ilinichukua saa nzima, na mtoto hakubandua macho. Leo wenzake wakiangusha kijiti, yeye ndiye anayenishikia tochi.

Lakini nililotaka kulisema zaidi ni hili. Shingo za fidla zao nilizibandika vipande vya plasta kuonesha pa kuweka vidole, kama nilivyofunzwa mimi, kwa sauti za piano. Siku moja binti akaja na kasida ambayo sikumfundisha, kaisikia kwenye maulidi. Ilikuwa kwa maqamu ya rast, mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu, ambayo sauti yake ya tatu inakaa baina ya mi na mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa, mahali piano haipafiki. Kidole chake kiliiacha plasta, kikarudi nyuma kidogo, kikatua palepale. Akarejea mara tatu, haikumteleza. Niliwafikiria wapiga fidla wa taarab waliotulea masikio. Nikambandulia plasta zote.

Fidla moja imevunjika shingo, mtoto alianguka nayo baiskelini. Hakuna iliyouzwa. Kwa hiyo mnaoniuliza mlete nini, leteni nyuzi za mi kwa wingi, na ulimbo wa upinde. Mikoba nadhani tumeshapata fundi.

Jumanne hiyo, kabla hajaufungua mkoba wake, binti aliniambia, "Mwalimu, bibi kasema uzi wa re unashuka usiku."

Nikaichukua fidla, nikaupiga. Kweli, ulikuwa umeshuka.