Siku moja maishani mwangu: napeleka watu kuvua kwenye maji ya magoti, Mtera

Saa tisa na nusu usiku. Simu inalia, naizima kabla haijamwamsha mtoto. Mama watoto anajua Jumamosi ni siku ya mteja, kwa hiyo chapati mbili zimefunikwa mezani na chai iko kwenye chupa. Nachukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, ulioegemea ukutani, nachukua kopo la minyoo, natoka.

Hilo kopo usilipite hivi hivi. Oktoba huku kwetu ardhi imepasuka kama kisigino cha mchungaji, mnyoo hupati hata uchimbe kisima. Mama watoto ana kipande chake nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea. Amekitandikia samadi na magunia, na hapo ndipo wanapolelewa minyoo wa biashara yetu. Siku wakiisha yeye ndiye anayeniambia kama nina kazi wiki hiyo au sina.

Saa kumi na moja kasoro niko mwaloni, pale boti zinapofungwa, lakini sishuki hadi majini. Viboko wanarudi kutoka malishoni saa hizo, na ukisimama kwenye njia ya kiboko anayerudi majini umejitafutia. Nakaa juu kidogo kwenye gogo, nakunywa chai, nawasikiliza wakiingia mmoja mmoja. Dogo ninayefanya naye kazi anafika akipiga miayo. Tunajaza mafuta, tunakagua majaketi okozi, tunafunga ndoana. Kazi za kila siku hizo.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana ndiyo inayochekwa. Watu wa mjini, wengi kutoka Dodoma na wachache Iringa, wananilipa niwapeleke kuvua kwa fimbo pembezoni mwa Bwawa la Mtera, kule maji yanakoishia magotini au kiunoni. Hatuendi kwenye kina na hatutegi nyavu. Mjomba wangu, Mgogo wa ng'ombe hasa, aliniuliza mbele ya ukoo mzima: "Yaani mtu anatoa hela yake akakae juani, halafu samaki wengine anawarudisha majini?" Ukoo ukacheka, nami nikacheka nao. Ningemwambia nini?

Upondo nilijifunzia Mafia, nilikokaa miezi saba kwa binamu yangu. Kule maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mzee wa pwani akiutazama mwezi anajua bamvua, yale maji makubwa, ni lini. Huku kwetu bamvua ni moja kwa mwaka. Mvua zikiisha Aprili bwawa limeshiba, kisha linapwa taratibu mpaka mvua za Desemba. Likijaa kabisa liko mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na maji ya kuzungusha mitambo ya umeme huweza kuvutwa hadi mita 690. Mita nane na nusu ni kama ghorofa mbili na ushee, si kitu cha kutisha. Ila nchi hii ya pembeni ni tambarare kama uwanja wa mpira, kwa hiyo maji yakishuka hivyo ufukwe unahama kwa kilomita. Pale nilipofunga boti Juni, leo kuna mtu kapanda matikiti, na amenikataza kukatiza shambani mwake.

Ndiyo maana kila jioni nachomeka kijiti pale maji yanapoishia. Asubuhi naangalia yamesogea hatua ngapi. Leo mbili.

Saa kumi na mbili ndiyo tuliyokubaliana na mteja. Saa kumi na mbili na nusu napiga, anasema yuko Fufu, kijiji cha njiani kutoka Dodoma. Saa moja napiga, bado yuko Fufu. Saa moja na nusu simu haipatikani. Bwawa limetulia kama mafuta kwenye sufuria, perege wameanza kuonekana, na mimi nimesimama nchi kavu nimeshika upondo kama mlinzi wa benki.

Mtu asiyeijua kazi hii hawezi kuelewa kwa nini nachukia sana kuchelewa. Kuvua kwenye maji mafupi ni kuvua kwa macho. Jua likiwa chini sana, maji yanang'aa kama bati na huoni kitu. Likipanda kidogo, unaligeuzia mgongo, unavaa miwani ya kukata mng'ao, unaona hadi chini. Lakini ikikaribia saa tano upepo wa kusini unaamka, maji yanakunjamana, na macho hayana kazi tena. Nafasi yangu ni hapo katikati, kuanzia saa moja na kitu mpaka saa nne na ushee. Ni muda wa kama saa tatu tu. Hiyo ndiyo bidhaa ninayouza, na yeye alikuwa anaimaliza barabarani.

Alifika saa mbili kasoro robo. "Tochi za trafiki, kijana. Barabara nzima ni tochi." Nikasema pole bosi, karibu. Nikamsalimu Kigogo: Mbukwenyi, karibu sana. Shati jeupe pe. Fimbo mpya ambayo karatasi ya bei bado inaning'inia. Spika ya muziki yenye ukubwa wa ndoo ndogo. Na viatu vya ngozi, vile vya ofisini.

Shati jeupe nilimpa koti langu la kaki alifunike, akalivaa kwa kulionea huruma. Spika tukajadiliana. Mimi si mkali wa muziki kama watu wanavyofikiri. Sauti ya juu ya boti haiwafikii samaki sana, ila kishindo cha miguu kwenye sakafu ya faiba kinashuka moja kwa moja majini, na perege akikisikia anaondoka na ukoo wake wote. Sasa huyu bosi wimbo ukimkolea anapiga kisigino. Tu, tu, tu. Nilimwambia mara ya kwanza kwa adabu. Mara ya pili nikamwomba avue viatu. Akaniangalia kama nimemwomba avue suruali, lakini akavua.

Tukazima injini mapema, kwa sababu mbele kuna visiki. Bwawa lilipojaa miaka ya 1980 miti ilizama imesimama, na mpaka leo mingine inachungulia juu ya maji, mikavu, imejaa ndege. Inayochungulia haina shida. Inayokata panga la injini ni ile iliyo shubiri moja chini. Hapo ndipo upondo unapoingia. Unasimama nyuma ya boti, unauzamisha bila kurusha matone, unaegemea, boti inateleza. Dogo anakaa mbele kuangalia visiki. Mimi naangalia samaki, naangalia upepo, na leo naangalia pia visigino vya bosi.

Na nikawaona. Kwenye mchanga, maji ya goti, viota vya perege vimepangana, mviringo safi kama masinia yaliyooshwa, kila kimoja na dume lake juu, jeusi kwa hasira. Dume wa kiotani hang'ati kwa njaa, anang'ata kufukuza. "Bosi, upande wa kushoto, hatua kumi, rusha mbele yake, usimpige kichwani." Akarusha kisogoni kwangu. Sisemi kwa utani, ndoana ilinasa kofia. Akarusha tena, ikatua boti ilikotoka. Ya tatu ikatua katikati ya kundi kama jiwe, na maji yote yakawa vumbi.

Tulifanya hivyo kwa saa nzima. Nikimwonyesha samaki anasema haoni, nikimpa miwani yangu anasema inamuumiza sikio. Katikati ya hapo akataka kushuka majini apigwe picha. "Nimeona kwenye simu wanashuka, wanatembea kabisa." Nikamwambia kule ni baharini bosi, huku kuna mamba. "Wewe umewahi kumwona?" Nimewahi. "Leo umemwona?" Leo sijamwona. "Basi." Nikasema hakuna anayeshuka, na safari hii sikumwita bosi.

Halafu akapata. Kwa bahati tu: alikuwa anavuta mshipi haraka kwa hasira, ndoana ikamkamata samaki ubavuni. Perege mkubwa, kama viganja viwili. Bosi akapiga kelele hadi ndege wakaruka visikini. Nilipomshika samaki nikahisi koo lake limevimba, nikajua. Perege jike hulea mayai mdomoni, na vifaranga vikitotolewa hukaa humo humo vikikimbilia hatari. Mwenye watoto mdomoni halagi, ndiyo maana huwezi kumpata kwa chambo, huyu kanaswa kwa ajali. Kabla sijamaliza kumwambia, yule jike akafungua mdomo na kuvitema: vitu vidogo kama punje za mtama zenye macho, kwenye maji kidogo yaliyokuwa sakafuni mwa boti, vinaogelea kati ya vidole vya miguu ya bosi.

Nikasema tunamrudisha. Akasema hapana, nimelipia. Nikamwambia umelipia boti na mimi, samaki wa namna hii sheria yangu ni moja. Akasema basi nimpunguzie bei. Dogo yeye hakungoja wazee wamalize: alishachota vifaranga kwa kopo la minyoo, akainama ubavuni mwa boti na kuvimwaga polepole kwenye majani. Nikamshusha na mama yao papo hapo. Sijui kama alivipata. Bosi alikaa kimya, na kwa mara ya kwanza siku hiyo visigino vyake vilitulia.

Upepo ukaingia muda uleule. Sitaki kusema ilikuwa saa ngapi, nilishaacha kutazama. Kurudi ni kwenda kinyume cha upepo, injini haiwashiki kwenye visiki, kwa hiyo ni mabega tu. Unasukuma hatua tatu, upepo unarudisha mbili. Jua la Oktoba linachoma hadi chini ya kidevu, kwa sababu linakupiga na kutoka majini. Maji ya kunywa bosi aliyatumia kunawa mikono. Mahali fulani, nikikwepa kisiki, tukapanda tope na boti ikakaa kama ng'ombe aliyegoma.

Tukasukuma na dogo kwa pondo, haikutikisika. Nikapiga maji kwa upondo kulia na kushoto kwa muda, nikatazama kila upande, nikashuka. Tope hadi mapajani, la moto juu na baridi chini. Na kutoka juu ya boti, sauti: "Si ulisema hakuna anayeshuka?"

Sikujibu. Nilikuwa nasukuma kilo zake.

Tulipofika mwaloni mikono yangu haikuweza kufungua kifundo cha kamba. Wavuvi wa nyavu walikuwa wanashusha mzigo, akina mama wanachagua. Bosi akavaa viatu vyake, akaenda kwa akina mama, akarudi na mfuko. Akanilipa pungufu ya elfu ishirini, "kwa sababu samaki hatujapata". Nilikuwa na maneno. Nikahesabu mafuta, nikahesabu sehemu ya dogo, nikabaki na kiasi ambacho ningekiandika hapa mjomba angecheka tena. Safari njema bosi, angalia tochi.

Jioni nikashona kofia, nikapaka mafuta ya taa viganjani, nikaenda kuchomeka kijiti. Upepo ulikuwa umesukuma maji, ukingo hausomeki vizuri, nikakichomeka kwa kukisia. Nyumbani tukala ugali wa mtama na mlenda. Mtoto akauliza samaki wako wapi, mama yake akamwambia baba yako huwa anawatembelea tu.

Saa tatu usiku, nikiwa nimeshalala nusu, nikafungua simu. Bosi ameweka picha: amesimama ufukweni kwetu, shati jeupe, amenyanyua perege wawili wanene. Chini ameandika, "Mtera haikuniangusha. Mikono yangu mwenyewe." Nikaikuza ile picha. Perege aliyevuliwa kwa ndoana ana tundu mdomoni. Aliyenaswa na wavu ana mstari nyuma ya kichwa, magamba yamelala yakizunguka shingo kama alama ya kola. Wote wawili walikuwa na mstari.

Nikampa dole gumba. Chini yake watu watatu wameshauliza namba ya simu ya aliyempeleka.