Utando mweusi niliousubiri

Lengo langu lilikuwa YBCO, oksidi ya yitriamu, bariamu na shaba. Tangu 1987 inajulikana kupoteza ukinzani wote wa umeme chini ya kelvini 92 hivi, na naitrojeni ya kimiminika, yenye kelvini 77, inatosha kuipoza. Wengi husaga unga na kuuchoma. Mimi nilitaka kuipaka kwa umeme juu ya bamba la fedha, yaani kupitisha mkondo ndani ya kimiminika chenye chumvi za metali hizo ili zijishike kwenye bamba, maana kwa njia hii hata waya uliopinda hupakika pande zote.

Shaba ndiyo iliyonitesa. Yenyewe hukimbilia kathodi, yaani bamba lenye chaji hasi, ilhali bariamu inadai zaidi ya volti 3 za ziada. Vipande vyangu vya kwanza vilitoka vyekundu, shaba tupu. Nikapandisha volti, nikapata mapovu. Maji nilikuwa nimeshayaacha, kwa sababu humo hidrojeni hutoka kabla bariamu haijapata nafasi. Naitreti zote tatu, yaani chumvi za yitriamu, bariamu na shaba, niliziyeyusha katika dimethili salfoksidi. Mapovu yalitoka wapi basi? Kiyeyushi hicho hufyonza unyevu hewani, nami nilikuwa nakiacha wazi wakati napima chumvi! Nilikikausha kwa chembe za zeolaiti, madini yanayonyonya maji, kabla ya kuyeyusha chochote, nikafunika chombo na kupitisha naitrojeni kavu juu yake. Mapovu yakapungua mno. Nikaweka volti 4 hasi dhidi ya waya wa fedha: sekunde 10 nawasha, 10 napumzisha, ili ayoni zifike upya kwenye uso wa kathodi.

Kisha tanuri, nyuzi 900 za Selsiasi ndani ya oksijeni. Hapo unaenda kwa hadhari, fedha huyeyuka kwenye 961. Utando ukatoka na madoa ya kijani. Kijani kile ni oksidi nyingine ya metali hizo hizo, yenye yitriamu nyingi na isiyo superkondakta, yaani haipotezi ukinzani wake. Bariamu yangu ilikuwa haitoshi. Nikaiongeza kwenye mchanganyiko, jaribio baada ya jaribio, hadi madoa yakaisha.

Utando mweusi wa kwanza niliupoza haraka kwa pupa, na kwenye naitrojeni ukinzani haukushuka hata kidogo. Oksijeni huingia ndani ya fuwele wakati wa kupoa, na inahitaji muda. Uliofuata niliuacha kwenye nyuzi 450 usiku kucha, oksijeni ikipita.

Asubuhi niliunga nyaya nne, mbili za kupitisha mkondo na mbili za kupima volti, nikauteremsha utando polepole kuelekea naitrojeni. Kwenye kelvini 90 namba zikaanza kuporomoka. Kwenye 81 mita ikasoma sifuri, nikageuza mkondo, ikabaki sifuri.