Sindano ya Kioo na Seli Inayosubiri

Ukifundisha mgawanyiko wa seli kwa ncha ya mzizi wa kitunguu, unawaonyesha wanafunzi seli zilizokwisha kufa. Mzizi umelowekwa kwenye asidi, umetiwa rangi, kisha umeminywa kwa kidole gumba juu ya kioo kifuniko mpaka seli zikawa bapa. Kromosomu, yaani vifurushi vya ndani ya seli vinavyobeba urithi, zinaonekana vizuri mno, nyekundu, nyingine zimejipanga katikati, nyingine zimeshaachana. Nalipenda somo hili. Ila hakosekani mwanafunzi wa kuinua macho kwenye hadubini na kuuliza, "Mwalimu, nani anazivuta?"

Hapo huwa namsimulia habari za Bruce Nicklas wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Yeye alizifuata seli zikiwa hai: seli za panzi zinazotengeneza manii. Alikuwa na sindano ya kioo yenye ncha nyembamba kuliko unywele. Aliibonyeza juu ya utando wa seli bila kuutoboa, akanasa kromosomu moja tu na kuisogeza atakako.

Mwaka 1983 aliitumia sindano hiyo kupima nguvu. Kromosomu ikivutwa kuelekea ncha ya seli, yeye anaizuia, huku akiangalia sindano inavyopinda. Kromosomu ilisimama nguvu ilipofika pikonyutoni 700 hivi (pikonyutoni ni kipimo kidogo mno cha nguvu), wakati kusafiri tu ndani ya ute wa seli hakuhitaji hata pikonyutoni moja. Kwa hiyo ule mwendo wake wa polepole, kama mikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita) kwa dakika, hautokani na udhaifu.

Kinachonigusa zaidi ni namna seli inavyojua kwamba mambo yako sawa. Kila jozi ya kromosomu hufungwa nyuzi kutoka pande mbili, kama mchezo wa kuvuta kamba. Nyuzi zote zikitoka upande mmoja, hakuna mkazo, na baada ya muda zinaachia na kushika upya. Mwaka 1969 Nicklas na mwenzake Koch waliivuta kwa sindano jozi iliyofungwa vibaya namna hiyo. Mkazo ukawepo, na nyuzi hazikuachia tena.

Haya si mambo ya maabara tu. Nimesikia akina mama wakisemwa kwa sababu mtoto amezaliwa na kromosomu namba 21 tatu badala ya mbili, eti mama alikula hiki au alipita pale. Ni uonevu. Mara nyingi kromosomu hizo zilishindwa kuachana wakati yai linatengenezwa, na chakula cha mama hakihusiki.

Kisha, mwaka 1995, Nicklas na mwenzake Li wakahamia kwa vunjajungu. Kromosomu X moja ikikosa wa kuvutana naye, seli nzima husubiri kwa saa kadhaa, na mwishowe hufa. Waliivuta X hiyo kwa sindano, wakaishikilia. Baada ya kama saa moja hivi, seli ikagawanyika.