Jinsi nilivyolitoa gamba jeupe kwenye jagi la umeme

Maji ya bomba ya hapa Dodoma, hasa haya ya visima vya Mzakwe, ni magumu: sabuni inagoma kutoa povu, na jagi la umeme lilishika gamba jeupe mpaka chai ikawa na chengachenga. Stiliwaya ilikwaruza tu. Madini ya kalisi yaliyomo majini yakipata moto huganda kuwa chokaa, na dawa ya chokaa ni asidi, kama ile iliyomo kwenye siki. Nikachanganya siki na maji nusu kwa nusu, nikachemsha, nikazima, nikaacha kama saa moja hivi. Vipovu vikatoka, gamba likabanduka vipande vipande. Nikasuuza, nikachemsha maji matupu, nikamwaga. Kichwa cha bomba la mvua nilikifungia mfuko wenye siki usiku kucha, matundu yakazibuka. Ndimu nayo inafaa, ila siki ni nafuu zaidi. Kwa kufulia na maji haya magumu, sabuni ya unga inaizidi ya mche kwa mbali.