Mchezaji hajalipwa: siku 60 zinakwenda

Kila msimu ukiisha, vijiwe vya Kirumba na Nyamagana jijini Mwanza haviishiwi habari za mchezaji anayeidai klabu mishahara ya miezi minne au mitano. Mara nyingi dai lake ni la haki kabisa. Linalomwangusha ni tarehe na karatasi: alingoja mno, na hana maandishi ya kuonyesha.

Tuanze na hoja ambayo viongozi huipenda: "Huyu si mwajiriwa wetu, tunampa posho tu." Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 imeweka vigezo, na kimoja tu kikitimia unahesabiwa mwajiriwa mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Unapangiwa saa na namna ya kufanya kazi? Unamtumikia mmoja peke yake? Unategemea kipato chake? Umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Mchezaji anayelala kambini na kufuata ratiba ya kocha ana vigezo hivyo karibu vyote. Mpiga gitaa wa bendi inayotumbuiza kila wikiendi kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa naye avitazame kwa makini.

Sasa muda. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu uachishwe. Migogoro mingine, ikiwamo mshahara usiolipwa, ni siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Kama mshahara wa Agosti ulitakiwa kuingia tarehe 31, siku 60 zinaishia tarehe 30 Oktoba. Ligi inakuwa bado mbichi. Mwenyekiti anakwambia "vumilia, fedha za mdhamini zinaingia", unavumilia mpaka Mei, na ukifika CMA swali la kwanza unaloulizwa ni kwa nini umechelewa. Ahadi za mdomo hazisimamishi muda. Ukichelewa unalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda kwa Fomu Na. 2, ukieleza sababu ya kila siku iliyopita, na ombi hilo linaweza kukataliwa kabla mshahara wako haujazungumzwa hata kidogo. Inauma kuona dai la kweli likifia hapo.

Kwa hiyo barua iandikwe mapema. Ukurasa mmoja unatosha: jina lako, tarehe ya mkataba, kiasi kwa kila mwezi unaodai, jumla, namba ya akaunti, na siku ya mwisho ya kulipa. Ichape nakala mbili, katibu agonge muhuri na kuandika tarehe kwenye nakala yako. Akikataa kupokea, itume kwa barua pepe rasmi ya klabu au kwa rejista ya posta. Ujumbe wa WhatsApp nao uhifadhi, lakini usiufanye ndio barua yenyewe.

Siku utakazoipa klabu usizikisie. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, ibara ya 14bis, zinasema klabu isipolipa kinyume cha sheria mishahara ya miezi miwili, mchezaji ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba, ila kwanza awe ameidai kwa maandishi na kuipa angalau siku 15 kulipa kila inachodaiwa. Ibara ya 12bis inahusu deni lililopita siku 30: hapo notisi ni siku 10, na klabu inaweza kuonywa, kutozwa faini au kufungiwa usajili. Mchezaji kutoka Burundi, Kongo au Uganda anayecheza Mwanza anaweza kupeleka dai FIFA kwa sababu mgogoro wake umevuka mpaka. Mtanzania dhidi ya klabu ya Tanzania anaangukia kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, inayoshughulikia hadhi za wachezaji, au CMA. Usitishwe kwamba kwenda nje ya mpira ni kosa: ibara ya 22 ya kanuni hizohizo inahifadhi haki ya mchezaji kupeleka mgogoro wa ajira mahakama ya kiraia. Ila chagua njia moja uifuate. Ukifungua kote kuwili, klabu itapata pingamizi la bure.

Jambo moja nalisisitiza kwa nguvu: usiondoke kambini kabla notisi haijaisha. Ukiondoka mapema, wewe ndiye unayeonekana mtoro. Sakata la kiungo Feisal Salum na klabu yake ya wakati huo, Yanga, linafundisha upande wa pili wa shilingi. Mwishoni mwa 2022 alitaka kuvunja mkataba kwa kulipa fedha. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga, na akahamia Azam mwaka huohuo baada ya klabu kukubaliana. Kipengele cha kuvunja mkataba kisipoandikwa wazi, yaani nani anaweza kukitumia, lini na kwa kiasi gani, hata mwenye fedha mkononi hatoki.

Mkataba wenyewe usome ukiwa umekaa, wala si saa tano usiku dirisha la usajili likikaribia kufungwa. Hatari ninayoiona kubwa kuliko zote ni mkataba wa bei mbili: ule uliopelekwa TFF unaonyesha mshahara mdogo, na nyongeza imebaki mdomoni. Siku ya kudai, kinachosomwa ni kilichoandikwa. Fedha za usajili za awamu ziandikiwe tarehe kila awamu. Ondoka na nakala yako iliyosainiwa siku hiyohiyo. Mkataba unaosema utakuwa halali ukifaulu vipimo vya afya au ukipata kibali cha kazi unapingana na ibara ya 18 ya kanuni zilezile za FIFA. Vipimo vifanyike kabla ya kusaini. Aliye chini ya miaka 18 hasaini zaidi ya miaka mitatu, na mzazi au mlezi awepo.

Goti likivunjika uwanjani, hiyo ni ajali kazini. Itolewe taarifa kwa maandishi, upate cheti cha daktari, na klabu iulizwe kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Pita pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uombe taarifa ya michango yako. Wapo wanaokatwa kila mwezi na hakuna kinachofika huko.

CMA unaanza na Fomu Na. 1. Mpe mwajiri nakala, tunza ushahidi wa kumkabidhi, ndipo uisajili. Usuluhishi una siku 30, na wengi humalizana hapo kwa makubaliano ya awamu. Usisaini makubaliano yanayosema "klabu italipa hali ikiruhusu". Yaandikwe kiasi, tarehe na akaunti, pamoja na sentensi hii: awamu moja ikikosekana, salio lote linadaiwa mara moja.